Mafuta Kichwani mwa Shiru

Siku hiyo nyaya zilikataa kushika. Musili, fundi wa mashine ya kupima ubongo katika kliniki moja ya Ngara, alibandika mmoja kichwani mwa Shiru, ukateleza. Akabandika mwingine, nao ukateleza.

"Mama Shiru, si nilikuambia umfumue, umwoshe nywele, usimpake mafuta?" Daktari Nasimiyu aliuliza.

"Ni ya maombi, daktari. Pasta alisema yasitolewe."

"Na vidonge?"

Mama akatazama viatu vyake. "Tulikuwa tumefunga. Hata vidonge tukafunga."

Daktari alishusha pumzi. Miaka yote hiyo ya kusomea kifafa, na bado alikuwa anashindana na chupa ya mafuta. Juzi tu mgonjwa wake mwingine aliachishwa dawa vivyo hivyo, akaangukia jiko, wakamzika. Kwa hasira alichukua pamba yenye spiriti, akampangusa Shiru kwa mikono mitupu hadi kichwa kikakauka.

"Sasa imekuona," Shiru akanong'ona.

"Nini imeniona?"

"Ile huchoma nywele."

Daktari hakushtuka. Alimweleza mama kwamba wagonjwa wengine husikia harufu isiyokuwepo kabla ya kuanguka. Shiru akarudia vidonge, hakuanguka tena, akarudi shuleni.

Lakini ile harufu ya nywele zinazoungua ilibaki na daktari. Ilimngoja ndani ya gari, ikaingia naye nyumbani Kitisuru, ikakaa naye mezani mchana kweupe, na kila ilipozidi alihisi pumzi ya moto nyuma ya sikio, kisha vidole vikizigawa nywele zake mafungu mafungu, vikivuta, vikikaza, taratibu, kama msusi asiye na haraka ya kwenda popote.

"Nipime," alimwambia Musili asubuhi moja. Moyoni aliomba awe mgonjwa. Ugonjwa una dawa.

Musili aliitazama mistari ya mashine, akarudia kuitazama. "Daktari, uko sawa kabisa." Kisha akakunja pua. "Lakini ni nani anachoma nywele humu?"

Kabla hajajibiwa, mlango uligongwa. Mama Shiru aliingia, bintiye nyuma yake.

"Daktari, leo niambie ukweli. Kanisani wanasema lilikuwa jini, na limeshatoka. Kama ni hivyo, nitupe hivi vidonge."

Shiru aliangalia juu ya bega la daktari, akaanza kurudi nyuma hadi ukutani.

Vidole vikakaza. Sauti kavu ikamwambia daktari sikioni, "Mwambie niko hapa. Mwambie, nami nitakuachia."

Musili alifungua mdomo. Daktari akamkata jicho, naye akaufunga.

"Ni kifafa, mama," Nasimiyu alisema, machozi yakimlengalenga. "Hakuna jini. Mpe vidonge kila siku. Usiache hata kama ni mfungo."

"Asante, daktari. Mbona unalia?"

"Nimechoka tu. Nendeni salama."

Mlango ukafungwa. Nyuma ya kiti chake, kile kitu kikacheka kidogo, kikaendelea kusuka.