Kilichofungwa Chini ya Injini

Kho!

Kikohozi kimoja tu. Kikavu. Kilitoka chini ya boneti.

Talha alipunguza mwendo, akasikiliza. Injini ilinguruma laini kama inavyotakiwa injini mpya. Isha ilikuwa imetoka kuadhiniwa, naye alikuwa akishuka na Pijo 504 nyeupe kutoka Goba kwenda kwa wazazi wake, Mtoni Kijichi. Gari la zamani hasa: bodi imenyooshwa, viti vimeshonwa upya, nikeli zinang'aa. Ndani yake, injini ya Kijapani ya juzijuzi.

Baba yake, Mzee Hija, aliwahi kuendesha teksi ya aina hii kabla Talha hajazaliwa. Na kwao gari jipya halianzi kazi mpaka mzazi aketi ndani, aliombee dua. Usiku huu Talha alitaka kumwona mzee akilia kwa furaha.

Kho... kho...

Akaegesha. Akampigia Gaspar, fundi aliyemuuzia.

"Gaspar, hii gari inakohoa."

"Inakohoa?" Gaspar akacheka. "Mpe asali basi, braza."

"Siyo utani. Mlipotoa injini ya zamani, mlibakiza kitu?"

"Tubakize nini? Tulikuta kifurushi tu, kimefungwa kwa waya huko chini. Kitambaa chekundu, ndani nywele na kucha za mtu. Nikakitupia motoni na matambara ya oili. Mie mtu wa sala, bwana, hayo mambo siyaogopi."

Simu ikakatika.

Kisha ikaja harufu. Kafuri. Harufu anayoijua kila aliyewahi kuingia chumba cha kuoshea maiti.

Kiti cha abiria kikabonyea. Taratibu... kama anavyoketi mtu aliyetembea mwendo mrefu.

Hapakuwa na mtu.

Talha hakugeuza shingo tena. Aliendesha macho mbele, Ayatul Kursiy mdomoni, akiikosea, akiianza upya, mpaka taa za gari zikapiga ukuta wa nyumba ya wazazi wake. Wazazi walitoka wote wawili. Mzee na fimbo yake. Mama na khanga mabegani.

"Shikamoo, Baba," alisema Talha, bado yuko nyuma ya usukani.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya taa, ametoa macho. Akasogea. Akapapasa ukingo wa paa, juu ya mlango wa dereva, kwa vidole vinavyojua vinapokwenda. Vikasimama kwenye kovu dogo la bati ambalo rangi mpya haikulificha.

"Injini yake iko wapi?"

"Imetolewa, Baba. Imewekwa mpya."

"Na kilichokuwa chini yake?"

Talha alifungua mdomo ajibu. Loki za milango zikashuka zenyewe.

Ka. Ka. Ka. Ka.

Alivuta kitasa. Mlango haukufunguka. Alizungusha ufunguo, akauchomoa kabisa, akaushika mkononi. Injini ikaendelea kunguruma. Kitu laini, kikavu, kikaanza kumjaa puani, kisha kooni. Pamba. Alijipapasa uso kwa pupa na hakukuta chochote, lakini hewa haikupita.

"Talha! Fungua, mwanangu!" Mama alipiga kioo kwa ngumi. Alipiga tena. Kisha akaacha.

Hakuwa akimtazama Talha. Alitazama kiti cha pembeni. Uso wake ukalegea, kama wa mtu aliyefunguliwa mlango baada ya kubisha kwa miaka.

"Ndiye?" alimuuliza mumewe.

Fimbo ikaanguka. Mzee Hija akapiga magoti mchangani.

"Mama Talha, usimtaje. Nakuomba... Nilipewa sharti. Nilimtoa yeye ili gari iingize pesa. Siku ukimtaja, anamwacha aliyemshika, ananijia mie."

Mama Talha. Mtaa mzima ulimwita hivyo, ingawa mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na Talha alikuwa wa pili. Wa kwanza alikohoa wiki moja, akafa. Ndicho tu Talha alichowahi kuambiwa. Jina, hapana. Hata kwenye hitima, marehemu wa ukoo wakitajwa mmoja mmoja, yule alirukwa, na mama aliinamisha kichwa.

"Ulinambia nisimtaje ili apumzike," mama alinong'ona. "Nikameza. Wenzangu wanawalilia wanao kwa majina, mie nameza. Kumbe nilikuwa nakulinda wewe."

"Gari hii hii ndiyo iliyotulisha. Na wewe ulikula."

"Nilikula. Ungenambia namla nani, ningekula?"

Mzee akamshika pindo la khanga kwa mikono miwili. "Mwache yule asitajwe. Huyu Talha tutamwombea, tutatafuta mtu..."

Ndani ya gari, miguu ya Talha ilikuwa imekufa ganzi. Taa za nyumba zilififia, zikawa nukta mbili, ikawa moja. Aliwasikia wazazi wake kwa mbali, kama anayesikia watu wakizungumza juu ya kaburi lake. Mkono wa baridi ulikuwa umemshika kifundo cha mkono, wala haukumbana. Ulimshika kama kaka anavyomshika mdogo wake wakati wa kuvuka barabara.

"Mama Talha, mie mumeo!"

Mama aliivuta khanga yake, ikabaki mikononi mwa mzee. Akabandika kiganja kwenye kioo, upande wa kile kiti.

"Usiniite hivyo," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mie ni Mama Jamali."