Vidonge Sita vya Sabato

Ijumaa ile ya mwaka 1976, hapa Ikonge, boma la Mzee Cleophas lilikuwa limetulia. Majani chai yalikuwa yameshapelekwa kituo cha kununulia chai, chakula cha Sabato kimeiva mapema, na mkewe Persis alikuwa akipiga pasi huku akiimba. Kesho yake ndiyo makambi, mikutano ya kanisa ya juma zima, yangefungwa, na mhubiri mgeni alikuwa amefika kutoka Kisii.

Cleophas akaingia amekunja uso.

"Mama Nyanchera, Sabato iliyopita ulitoka nje mara tano katikati ya mahubiri. Mke wa mzee wa kanisa! Watu wanakucheka."

"Si unajua mkojo hunibana, Baba Nyanchera? Lakini dawa ya hospitali imeanza kunisaidia."

"Ilete hapa."

Akavimwaga vidonge kiganjani. "Kimoja kinakusaidia nusu siku. Kesho meza sita, ukae mpaka jioni."

"Daktari alisema kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akanionya nisizidishe."

"Daktari ndiye anayekaa na wewe kanisani?"

Jamani! Mtu hata jina la dawa halijui, anajipa udaktari! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Na ninyi mliokuwa mkigusana viwiko kila mama huyu aliposimama, msijifiche, nawasema pia.

Asubuhi Persis akameza vyote sita, maana kuchekwa kulikuwa kumemchosha. Akaketi mstari wa mbele. Haukupita muda ulimi ukakauka, akashindwa kuimba. Akafungua Biblia, herufi hazisomeki, ukungu mtupu. Moyo ukamwenda mbio, uso ukamwaka moto. Kufikia adhuhuri tumbo lilikuwa limevimba chini ya kitovu, linauma. Akajaribu kuinuka. Kule jukwaani mumewe akamtikisia kichwa, naye maskini akakaa. Mwenzangu, Cleophas alikuwa anatabasamu! Mke hajatoka hata mara moja.

Mara Persis akaanza kushikashika hewa, akimwita mama yake aliyekufa zamani. Binti yake Nyanchera akamrukia, akamshika.

"Mama anakufa, na nyinyi mmekaa tu!"

Mhubiri akakatiza maneno, akashuka. Nyanchera alipomweleza habari ya vidonge, akamgeukia Cleophas.

"Haya yote ili mtu asitoke nikihubiri? Mzee, hata mimi nikibanwa hutoka. Mpakieni kwenye gari langu, upesi!"

Hospitalini muuguzi akampitishia mpira wa kutolea mkojo, nao ukajaza beseni.

"Vidonge sita kwa mpigo? Mzee, ulitaka kumzika mkeo?"



Siku ya tatu akili zilimrudia Persis. Mumewe akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba msamaha. Persis akamtazama.

"Ningekufa pale mbele yako," akasema, "nawe ungefurahi kwamba nimetulia."

FUNZO

Dawa ya kutuliza kibofu ni dawa kweli, lakini kipimo chake anakipanga daktari. Si mume, si jirani, wala si aibu. Kuzidisha vidonge hakuongezi uponyaji, kunaongeza sumu. Ukiona mdomo umekauka kupita kiasi, macho yana ukungu, moyo unakimbia, akili zinapotea au mkojo umekataa kutoka, usimeze kingine: kimbilia hospitali. Na mtu akiinuka kanisani kwenda msalani, mpisheni apite, mfunge midomo yenu.