Ndiyo ya Litiana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Litiana alikalia mbuzi akakuna nazi ya mchuzi wa samaki, na kila asubuhi nazi moja ilimchukua muda wa nazi tatu. Mkono ulikuna, mwenyewe hayupo. Alikuwa chini ya maji. Dada yake mkubwa, Makereta, alikuwa amemsimulia habari za mwambani, mahali ambapo matumbawe laini ya zambarau hulala yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga. Mkondo ukianza kupita, hufunguka yote, polepole, bila sauti. Litiana alikuwa na miaka kumi na miwili na hajawahi kuyaona, lakini alikuwa ameyaota sana, hata nadhani samaki wa huko walikwisha kumzoea.

Makereta aliwaongoza watalii chini ya bahari kwa ajili ya hoteli ndogo iliyopo kwenye ghuba yetu. Kuongoza ni kazi moja na kufundisha ni nyingine, na kufundisha watu kuzama na mtungi wa hewa kunataka kadi ya ualimu. Mwenye hoteli alimwambia kwamba mwalimu wake anahama. Makereta akipata kadi kabla ya msimu wa wageni, kazi ni yake. Naye akamwahidi Litiana kwamba ndiye atakayekuwa mwanafunzi wake wa kwanza.

Hotelini walikubali kadi za mashirika mawili. Moja ilikuwa na picha ya nanga, ya rangi ya dhahabu. Masomo yake yalisomwa zaidi kwenye simu, kisha siku chache tu kule mjini Nadi kwa kijana aitwaye Josaia, mwenye sauti laini kama mtangazaji wa redio. Kadi ya pili ilikuwa na picha ya kasa, ya buluu iliyofifia kama shuka la kuazima. Aliyeifundisha alikuwa Bi Unaisi wa mji wa Savusavu, mama anayejulikana visiwa vyote kwa kufelisha watu. Ukienda kwake, usimwambie mtu utarudi lini.

Kijiji kizima kilijitolea kuchagua. Wanaume walizunguka bakuli la yangona, kile kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza ulimi, wakapiga makofi, wakanywa, wakajadili mpaka bakuli likakauka, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kwenda chini ya maji kwa hiari yake. Mjomba Apenisa alishikilia kasa, kwa kuwa kasa anajua kuogelea na nanga inajua kuzama tu. Jirani yake akamjibu kwamba kuzama ndiyo kazi yenyewe. Mimi ni bibi yao wale wasichana, nami niliulizwa. Nikasema kasa, ingawa kusema kweli nilikuwa nakumbuka ladha yake, enzi zile kabla hawajatukataza kumla. Makereta alitucheka wote. Moyoni alikwisha kuchagua nanga.

Kabla hajajiandikisha, alitaka kujaribu kama anaweza kufundisha. Jumamosi moja akampeleka Litiana gatini, bila mtungi, miwani ya kuzamia na mrija tu. Alifunga kamba kwenye nguzo na jiwe mwisho wake. Wangeshuka kidogo wakishika kamba, kisha wapande. Alimweleza kwamba maji hukandamiza masikio, kwa hiyo ashuke huku akiziba pua na kupuliza taratibu. Sikio likiuma asimame, atoe ishara. Na mtu mwenye mafua haendi kabisa.

“Mafua yako yamekwisha?” akamuuliza.

Litiana akainua nyusi. Kwetu nyusi zikiinuka ni ndiyo, hakuna haja ya kuchosha mdomo.

“Na umeelewa yote?”

Nyusi zikainuka tena. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona akipenga kamasi nyuma ya banda la kuku, nikadhani anawaonea haya kuku.

Wakashuka. Jua lilikuwa likiingia majini kwa michirizi mirefu, nayo ikicheza juu ya mchanga, na visamaki vya fedha vikageuka vyote kwa mara moja kama vimeitwa. Litiana alijisikia mwepesi, amekuwa kama wazo tu. Kisha sikio la kushoto likachomwa. Makereta akaunganisha kidole gumba na cha shahada kufanya duara, maana yake, uko sawa? Litiana akamrudishia duara. Wakavuta kamba, wakashuka tena. Sikio likawaka moto. Makereta akauliza tena, naye akajibu duara jingine, zuri kuliko la kwanza.

Walipoibuka, damu ilikuwa ikimtoka puani na gati lote lilikuwa likimzunguka.

Muuguzi wa zahanati alimchungulia sikio akasema ngozi ya ndani imevia damu, ila haijapasuka, bahati yao. Asiingie majini mpaka atakapomruhusu yeye. Akauliza kama mtoto alikuwa na mafua. Litiana alitazama sakafu, Makereta akajibu kwa niaba yake kwamba hapana, alikwisha kumuuliza.

Nyumbani Makereta hakula. Samaki na magimbi yakapoa. Alimwambia mama yao kwamba atampigia Josaia avunje mpango. Kama hawezi kumshusha mdogo wake gatini bila kumuumiza, atawafundishaje watu wengine? Nafasi ya hotelini wampe mwingine.

Litiana alikuwa amelala mkekani, pamba sikioni, nusu ya dunia ikiwa kimya. Kwa nusu iliyobaki aliyasikia hayo yote. Aliyaona matumbawe yake ya zambarau yakijikunja moja moja. Akaketi.

“Dada, nilikudanganya. Mafua hayakuwa yamekwisha. Na sikio lilianza kuuma mapema.”

“Sasa duara ulilonipa la nini?”

“Uliniuliza wewe. Ningekwambiaje hapana? Wewe ni mkubwa wangu. Halafu ulikuwa umefurahi hivyo.”

Nilingoja ugomvi, hata nikasogeza sahani. Makereta akasema kama mtu anayeongea usingizini, “Hata mimi ningekujibu hivyo hivyo. Kisiwa hiki chote kingenijibu hivyo.”

Akachukua simu. Kwanza alimpigia Josaia, akamuuliza, mwanafunzi akisema ndiyo huku maana yake ni hapana, mwalimu afanye nini? Josaia alimjibu kwa ile sauti yake laini kwamba mwanafunzi hutia sahihi kuwa yuko sawa, na akishatia, lawama si ya mwalimu tena. Makereta akamshukuru.

Kisha akampigia Bi Unaisi, akamuuliza swali lile lile. Mama yule tulimsikia hata sisi tulioketi ukutani.

“Mimi simuulizi kama yuko sawa, maana atasema ndiyo hata papa akiwa amemshika mguu. Namwambia anionyeshe anavyopuliza masikio. Na namtazama mkono ulio kwenye kamba. Anayeumia huishika kamba kama anamkaba mwizi. Wewe uliutazama mkono?”

“Hapana, mama.”

“Njoo basi. Nitakufelisha mpaka ujifunze kutazama.”

Alikwenda. Na kweli alifelishwa, akalia, akafanya tena. Msimu wa wageni ulianza bila yeye. Hotelini wakamleta mwalimu wa muda kutoka Australia, na Makereta aliporudi na kadi yake ya buluu alimbebea mtungi mpaka muda wake ulipokwisha. Ndipo alipopewa kazi.

Sikio la Litiana lilipopona na muuguzi akaridhika, masomo yakaanza, gatini kwanza, na safari hii kwa mtungi. Siku alipostahili kwenda mwambani, Bi Unaisi alivuka kutoka Savusavu kuja kumwona mwanafunzi wake akifundisha.

Wakashuka wote watatu. Njiani Makereta hakufanya duara. Aligusa sikio lake akangoja aonyeshwe. Litiana akapuliza, sikio likakataa. Chini yake aliyaona matumbawe, bado yamejifunga, na alijua akisema hapana huenda wakarudi. Akanyoosha kiganja, akakitikisa, akaonyesha sikio. Makereta akampandisha kidogo, wakaning'inia hapo katika ubuluu, bila haraka. Akapuliza tena. Sikio likafunguka. Mkondo nao ukaanza kupita, na walipofika chini mwamba mzima ulikuwa ukichanua zambarau, kama kwamba ulikuwa ukimngoja yeye amalize.

Wakarudi kwenye mashua. Bi Unaisi alimfunika Litiana kanga mabegani.

“Mwanangu,” akamwambia, “mwalimu hawezi kukulinda na maumivu unayomficha. Kumheshimu mkubwa ni kumwambia kweli, hasa ile asiyoipenda.” Kisha akamgeukia Makereta. “Na wewe, ile kadi kawaonyeshe wenye hoteli. Samaki hawaisomi. Ulichagua vizuri siku ulipouliza nani atakufundisha na atakufundisha nini, badala ya kutazama rangi. Sasa fungua mrija wa mtungi huu uufunge upya, umeufunga ovyo.”