Nilimtaja Rafiki Yangu Kwenye Kura ya Siri

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa hapa Dodoma mjini. Nyumbani ni Makole. Jina langu nalificha, si kwa kuwaogopa ninyi, ila mama yangu naye ni mpenzi wa kusoma mikasa kama hii, na haya ninayoyaandika bado sijamwambia… Naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Mimi ni mtu wa aibu. Aibu ya kweli, si ya kujifanya! Mwalimu akiniuliza swali jibu ninalo, lakini mdomo unakauka. Tulihamia huku kutoka Morogoro baba alipohamishwa kikazi, na miezi mitatu ya kwanza sikuwa na mtu wa kukaa naye wakati wa chai. Maneno yangu yote yaliishia kwenye daftari langu la siri, ambalo naliandika kila siku nikitoka shule.

Aliyenitoa upweke ni Yustina. Ni Mgogo, kwao ni kijiji kimoja mbele ya Chamwino, na hapa mjini alikuwa anakaa kwa baba yake mdogo ili asome. Naye alikuwa na aibu kama mimi. Tukakaa dawati moja. Tuliweza kumaliza mapumziko mazima bila kuongea, na tukaachana tumefurahi. Rafiki wa namna hiyo mtu unampata mara ngapi?

Sasa… kulikuwa na Swalehe.

Swalehe ni Mrangi wa Kondoa. Mrefu, mwembamba, anatembea kama mtu anayeomba njia hata uwanja ukiwa mtupu. Kaka yake ana kibanda cha kuwekea watu muvi kwenye flashi, kwa hiyo Swalehe alikuwa ameangalia anime, zile katuni za Kijapani, zote unazozijua na usizozijua. Na alikuwa anazichora! Macho makubwa yanayong'aa, nywele zinapepea, mashavu mekundu kwa aibu… Tangu kidato cha pili nilikuwa namwandika kwenye daftari langu. Leo kavaa sweta. Leo kanipisha mlangoni. Leo hakuja, au anaumwa? Hakuna aliyejua. Hata Yustina sikumwambia.

Siku moja wakati wa chai akanifuata. Mimi! Nilikuwa na andazi mkononi, nikalificha nyuma kama nimeiba. Akaangalia viatu vyangu, nami nikaangalia vyake.

"Samahani dada… unaweza kumpa Yustina hii?"

Ilikuwa karatasi imekunjwa mara nne. Jamani! Moyo ulianguka mpaka kwenye soksi. Lakini nilisema nini? Nilisema, "Hamna shida."

Ndani hamkuwa na barua, ni mchoro tu. Msichana na mvulana wa shule wamesimama chini ya mwavuli mmoja, mvua inanyesha, na kila mmoja anatazama upande wake. Yustina alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mkono wa sweta. "Mvua gani hii ya Dodoma? Huyu hajui sisi mvua tunaiombea kanisani?" Kesho yake akanipa jibu nimpelekee. Aliwachora wale wale wawili, jua kali, vumbi limetanda, na mwavuli bado wameushika.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wakatafuta daftari kubwa, lile tunaloita kaunta, wakawa wanachora hadithi moja kwa zamu. Ukurasa mmoja wa Swalehe, ukurasa mmoja wa Yustina. Hadithi ya wanafunzi wawili wenye aibu, lakini wanafunzi wa kwetu: wamebeba ndoo za maji, wameshika fagio za chelewa, wako foleni bombani. Mimi ndiye niliyelipeleka na kulirudisha.

Na si kulibeba tu. Wote wawili walikuwa na mwandiko kama kuku kapita kwenye unga, na mimi mwandiko wangu ndio unaotumika kwenye ratiba ya darasa. Basi wakaniomba niwaandikie yale maneno ya kwenye viduara, vile vinavyochorwa juu ya kichwa cha mtu anayeongea. Walikuwa wananipa vikaratasi, nami nanakili vizuri. Wakanipa jina: Karani.

Fikirieni wasomaji! Mvulana niliyemwandika mwaka mzima kwa siri ananipa kikaratasi kinachosema, "Nilikuona bombani nikasahau kufunga maji." Nami ninayaandika maneno hayo, kwa mkono wangu mwenyewe, yaende kwa mwingine…

Naapa hawakuwahi kushikana hata mkono. Siku moja walikutana uso kwa uso pale bombani, mimi nimesimama pembeni. Swalehe kwa hofu akamwambia Yustina, "Shikamoo!" Na Yustina, kwa hofu hiyo hiyo, akaitikia, "Marahaba!" Kisha kila mmoja akakimbia, na ndoo zikabaki. Nilizibeba mimi zote mbili. Nilicheka siku hiyo, na jioni nikalia.

Wivu haukuniingia kwa siku moja. Uliniingia kama vumbi la hapa kwetu: unafunga madirisha yote, na jioni unalikuta kwenye sahani.

Nilianza kidogo kidogo. Nikakaa na kaunta siku tatu, nikasema Swalehe hajamaliza kuchora. Halafu nikabadilisha maneno. Yustina alikuwa ameandika kwenye kikaratasi, "Kesho nitakuja bombani mapema." Mimi nikaandika kwenye kiduara, "Kesho usinisubiri." Asubuhi yake Yustina alisimama bombani peke yake mpaka kengele ikagonga. Nilikuwa namchungulia dirishani. Na mnajua nini? Nilifurahi! Furaha chungu, lakini ilikuwa furaha.

Wao hata hawakunishuku, maana niliandika kwa penseli, nikafuta kabla ya kulirudisha kaunta. Yustina aliniambia tu, "Labda aliumwa."

Kisha wakaongeza mtu wa tatu kwenye hadithi. Msichana mfupi, anakimbia huku na huku, amekumbatia daftari kubwa. Yustina alinionyesha kwa furaha, "Besti, umemwona huyu? Karani ndio wewe!" Nikaangalia. Alikuwa na macho mawili makubwa, na pua ya nukta. Mdomo hakuwa nao… Kwenye anime ndivyo wanavyochora watu wadogo wadogo, najua. Lakini siku hiyo sikutaka kujua. Nilijiambia, kumbe hawa hata mdomo hawanipi!

Wiki hiyo hiyo ikaja kura.

Shuleni kwetu kukiwa na wizi, au jambo lililowashinda walimu, huwa tunapiga kura ya siri. Milango inafungwa, mnagawiwa vipande vya karatasi, unaandika jina la unayemjua na ushahidi wake, unakunja, unatumbukiza kwenye ndoo. Safari hii mwalimu wa nidhamu alisema mapenzi yamezidi shuleni. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "Mwalimu, mimi nampenda wali maharage, nimtaje?" Darasa zima likacheka. Yustina alicheka pembeni yangu, bega lake likanigusa.

Na bega lake likiwa hapo hapo, nikaandika: Yustina na Swalehe. Daftari liko kwenye begi la Yustina.

Nilifikiri nini? Nilifikiri kaunta litachanwa, watafokewa, yataisha, na mimi nitarudishiwa rafiki yangu. Labda na Swalehe pia… Akili ya wivu haipigi hesabu mpaka mwisho.

Waliitwa ofisini kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilitumwa kupeleka daftari la mahudhurio, nikawa nje ya mlango nimeganda. Nilimsikia mwalimu akifungua kurasa, moja baada ya nyingine. Akauliza, "Michoro ni yenu, sawa. Maneno haya mazuri mazuri kaandika nani?"

Sasa watanitaja, nikajua.

Yustina akasema, "Mwandiko wangu, mwalimu." Na Swalehe, pale pale, akasema, "Wangu, mwalimu."

Wote wawili! Kwa wakati mmoja! Hawakuwa hata wamepanga… Mwalimu akaona wanamfanyia dhihaka. Kosa ambalo lingeisha kwa kuonywa likawa kosa la utovu wa nidhamu. Wakasimamishwa masomo wiki tatu, kila mtu aje na mzazi.

Baba yake Swalehe alitoka Kondoa, akaomba radhi, mwanawe akarudi darasani. Lakini baba mdogo wa Yustina hakuja shuleni kabisa. Nilisikia alisema, "Mimi sikumleta mtoto mjini kuchora wanaume," akafunga mizigo ya Yustina siku hiyo hiyo, akamrudisha kijijini.

Hivyo ndivyo Yustina alivyoacha shule. Yustina, ambaye nyumbani kwao hakuna mwingine aliyewahi kuvuka darasa la saba!

Mnadhani Swalehe alinigeukia mimi? Alihamia dawati la mbele, akaacha kuchora. Nikimwambia "Mambo," anajibu "Safi," basi. Na pembeni yangu kukawa na nafasi tupu. Nikawa na kila nilichokuwa nacho siku nilipohamia kutoka Morogoro, yaani sikuwa na kitu.

Nilivumilia mwezi mmoja. Jumamosi moja nikamuaga mama kwamba naenda kujisomea, nikapanda gari la Chamwino. Toka njia kuu nilitembea kwa kuuliza. Nikamkuta Yustina anapeta uwele na bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ndiye rafiki wa shule? Karibu, karibu sana!" Akanipikia ugali na mlenda. Nilikula chakula cha yule bibi. Alikuwa ananishukuru kwa kumkumbuka mjukuu wake… mimi!

Tulipobaki wawili nikamwambia Yustina, "Ile kura…"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ilikuwa mezani kwa mwalimu, imefunguliwa. Kaunta zima nimesoma mwandiko wako, nisiujue?" Alikuwa hanitazami, anaendelea kupeta. "Niliiona kabla hajauliza maneno kaandika nani."

Ina maana alinilinda huku anajua! Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Nikutaje ili iweje? Tuje kupeta uwele wote wawili?" Kisha akaweka ungo chini. "Ulikuwa unampenda?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ungeniambia, Karani. Mimi nilikuwa naweza kuchora peke yangu. Wewe ndiye uliyekuwa rafiki yangu."

Wasomaji, nimewahi kuchapwa, nimewahi kuugua, lakini maumivu ya sentensi ile sijawahi kuyaona. Sikusamehewa siku hiyo, siwezi kuwadanganya. Alinisindikiza mpaka njiani kwa sababu mgeni husindikizwa. Hakupunga mkono.

Jumatatu nikaenda kwa mwalimu wetu wa darasa, mama mmoja mpole, nikamweleza yote. Mara ya kwanza katika maisha yangu niliongea dakika kumi bila kunyamaza. Aliniadhibu, nikachimba mashimo ya miti na kuimwagilia muhula mzima, na nilistahili. Kisha akafuatilia kwa mkuu wa shule, akaniambia, "Nafasi ya Yustina bado ipo. Anachokosa ni mlezi wa kukaa naye hapa mjini. Baba yake mdogo amekataa katakata."

Tangu hapo kila wiki nanakili masomo yote kwenye daftari jingine, kwa mwandiko ule ule uliomponza. Mama mdogo wa Yustina, wa kule kijijini, huja sokoni kila Jumamosi kuuza mlenda, nampa, naye ananirudishia la wiki iliyopita. Yustina anafanya maswali yote. Hata salamu haandiki. Nami nasahihisha, napeleka tena.

Jumamosi iliyopita nimefungua daftari, chini kabisa ya maswali ya hesabu nikakuta kamchoro kadogo. Msichana mfupi amekumbatia daftari kubwa. Safari hii amechorewa mdomo. Juu ya kichwa chake kuna kiduara, na ndani ya kiduara hamna neno.

Nimekitazama siku tano, sijathubutu kuandika kitu.

Wenzangu mnaonisoma, hasa ninyi wenye aibu kama mimi, nawasihi: aibu yako isikufanye mtu wa kuongea kwenye karatasi zilizokunjwa tu. Unampenda mtu, unaumia, una wivu, mwambie rafiki yako, hata kama sauti inatetemeka. Msifanye nilichofanya. Mimi neno moja lilinishinda kulisema kwa mdomo, nikaliandika kwenye kura, na likamfungia mtu shule.

Nimeona maneno ya kwanza ya kutoka kwenye mdomo ule niyaandike hapa, kabla ya kuyaandika kule kwenye kiduara.

Mama, najua unasoma. Ukishafika hapa umeshanijua, mwandiko huu hata ukipigwa chapa utautambua, wewe ni mama yangu. Kile kitanda cha dada kimekaa kitupu tangu aolewe. Ukimaliza kunigombeza, naomba twende wote Chamwino tukamchukue Yustina.