Kelele za Ukumbini

Foleni ya benki siku ya mishahara haina adabu. Watu hubanana mpaka unajua mwenzako ameoga kwa sabuni gani. Katikati ya msongamano huo alisimama binti mmoja, mkata vioo wa duka la miwani la ng'ambo ya barabara, gauni la kazini la buluu, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Alikuwa akiimba wimbo wa zamani kwa sauti ya puani. Kufika ubeti wa pili akanyamaza, akacheka kidogo, kisha akaendelea.

"Samahani dada," wa nyuma yake akasema. "Hapo hapana kicheko."

Akageuka. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi mbele tu, vipokea sauti vinaning'inia shingoni.

"Kwako hakipo. Kwangu kipo. Mwimbaji alisahau maneno, ukumbi mzima ukamcheka."

"Ala! Unayo ile albamu waliyorekodi jukwaani? Mimi fundi sauti, nimeitafuta mpaka nimechoka!"

"Iko kwa baba. Kanda yenyewe, na kasha lake."

"Basi nimempenda baba kabla sijamwona."

"Mpende huko huko, foleni inasogea."

Mambo yakaanzia hapo. Fundi akawa hapitishi siku bila kupiga simu.

"Miwani wangu, umekula?"

"Nimekula. Leo tunabishania nini?"

Yale yale. Fundi alipenda albamu za jukwaani kwa sababu msanii hana nafasi ya kurudia; akikosea, amekosea. Ila makelele yalimkera.

"Mtu anakohoa juu ya gitaa, jamani! Ningemtoa."

"Umtoe aende wapi? Studioni mtu anauimbia ukuta. Mimi nataka kusikia anaimbia watu."

"Mkaidi wewe."

"Na bado wanipigia."

Jambo moja binti hakumwambia Fundi. Katika kile kicheko cha ukumbini kilikuwemo kimoja chembamba, kinachoanza kabla ya wengine na kuisha baada yao. Kilikuwa cha mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Kila Jumapili baba huiweka kanda, na ubeti wa pili ukikaribia huongeza sauti. Nyumba ile jambo hilo halikuwa na maneno, basi naye binti hakuwa nayo ya kumpa mtu.

Fundi alipoletwa nyumbani, mzee, baba wa binti, fundi bomba mstaafu, alimpima kwanza.

"Kitendawili!"

"Tega, mzee."

"Mgeni wangu hapiti mlangoni wala dirishani, akifika nyumba nzima yajua."

Fundi akakuna kichwa. "Harufu ya kitunguu?"

"Nipe mji."

"Chukua wowote, mzee."

"Muziki wa jirani! Na wewe ni fundi sauti!" Mzee akacheka hadi akashika mbavu. Siku hiyo hiyo akamkabidhi ile kanda, iliyokwisha kulegea, aende kuihamishia kwenye sidii.

Jumapili iliyofuata Fundi akaja na sidii inayong'aa na uso unaong'aa zaidi. Muziki ukatoka safi, kila uzi wa gitaa unausikia peke yake. Ubeti wa pili ukafika. Mzee akaongeza sauti. Mwimbaji akasita.

Kimya. Kimya kitupu, kisha gitaa.

Mzee akanyanyuka, akanyoosha kitambaa cha kiti, akaingia chumbani kwake.

"Kanda iko wapi?" binti akauliza.

"Ilikatikia mashineni, lakini nilishainakili. Nimewasafishia, hamna hata kikohozi..."

"Umemtoa mama."

"Nani?"

"Aliyecheka kwanza. Ni mama yangu. Nenda, tafadhali."

Siku zikapita simu inalia, naye anaigeuza kifudifudi kati ya vioo. Baba hakuwasha redio. Mwishowe binti akapokea, atukane yaishe.

"Usikate!" Fundi akawahi. "Nakala chafu, ile yenye kelele, niliifuta, sikufichi. Lakini mashine ikiziondoa kelele haizitupi, inaziweka pembeni. Zipo zote. Nije?"

Binti akameza matusi yake. "Njoo."

Alikuja na shati lilelile. Akaunganisha waya, mzee akaketi ukingoni mwa kiti. Hapakuwa na wimbo. Palikuwa na watu tu. Viti, makofi, kikohozi. Kisha kile kicheko chembamba, hakina gitaa juu yake, na nyuma yake maneno ambayo muziki uliyafunika miaka yote:

"Nishikie mkoba, mume wangu, mimi nakwenda mbele kucheza. Na usiusahau!"

"Na niliusahau!" mzee akapaza sauti. "Chini ya kiti! Alininunia wiki nzima!" Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. "Rudisha nyuma, mwanangu. Rudisha tena."

Binti akamvuta Fundi hadi barazani.

"Waweza kuzirudisha kelele hizo ndani ya wimbo?"

"Naweza."

"Zirudishe. Halafu uje na wazazi wako, waongee na baba."

Fundi akashika mlango. "Hata kikohozi nikirudishe?"

"Hata kikohozi. Ukipunguza kimoja, harusi hakuna."