Alama za Huruma

Shoga yangu ni fundi cherehani. Kazi zikipungua, hulipwa kujifanya mgonjwa ili wanafunzi wa udaktari wajifunzie kwake. "Mimi naumwa kwa mshahara," hunichekesha. Lakini hili hakulisimulia kwa kicheko.

Siku hiyo alikuwa "anaumwa tumbo". Chumba hakina dirisha, kitanda kimesukumwa hadi ukutani, kushoto kwake alipolala. Mwanafunzi mmoja kijana akaingia, akasimama kulia kwake. Mara umeme ukakatika. Giza totoro.

"Niendelee, mama?"

"Endelea, mwanangu. Kwani wagonjwa wa kweli hawakatikiwi umeme?"

Akaanza kumgonga tumbo kama walivyofundishwa: kiganja kimoja kimelala kwenye ngozi, kidole cha mkono wa pili kinagonga juu yake. Du. Du. Du. Gizani humo shoga yangu akahisi mkono wake umeshikwa, kwa upole kabisa. Moyo ukamtulia.

Umeme uliporudi, ikawa zamu yake kumpa kijana maksi, maana hiyo nayo ni sehemu ya kazi yake.

"Kwa huruma umepata zote. Wenzako hugonga tu kama wanabisha hodi. Wewe ulinishika mkono muda wote."

Kijana akaitazama mikono yake, yote bado iko tumboni. "Mama, kugonga kunataka mikono miwili."

Shoga yangu akageuka kushoto. Ukuta mtupu. Akajaribu kuuvuta mkono wake wa kushoto, na kilichoushika kikaukaza kidogo, taratibu, kama mtu anavyombembeleza mgonjwa ambaye bado hajaambiwa ugonjwa wake.