Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Ronah

— Ronah? Si ulikufa wewe?

Mama muuza samaki wa soko la Bwera aliangusha beseni akakimbia. Dagaa wakatapakaa miguuni mwetu.

Mimi nikacheka. Mimi Jean-Bosco wa Butembo, muuza vitenge, nimeona mengi mpakani hapa, lakini maiti inayonunua nyanya sijapata kuiona. Ronah hakucheka.

— Bosco, huyu ni wa tatu leo.

Nikamshika mkono. Baridi! Mwaka huo, 2014, jua la Kasese lilikuwa la kuivisha yai juu ya bati, lakini mikono ya mchumba wangu ilikuwa baridi tangu Pasaka. Harusi yetu ilikuwa Jumamosi, siku tatu tu zimebaki.

Akanionyesha simu. Meseji ya mama yake, Bulandina, ndiyo iliyotuleta: "Mwanangu, baba yako amekuzika. Njoo kabla ya harusi."

— Kuzika namna gani? Si uko muzima weye?

— Twende ukaone.

Tukapanda mlima. Baba yake, mzee Danieri, alikuwa Mkatoliki kama sisi mpaka alipookoka kwenye kanisa moja jipya la maombi. Akachoma rozari za nyumba nzima, ila ya mkewe, aliyoificha ndani ya unga wa muhogo. Binti alipomwambia ameposwa na Mkatoliki, akamfukuza.

Tulimkuta nyuma ya nyumba, kwenye ukungu, amechuchumaa kando ya kaburi. Hakutuona.

— Ronah, umelala vizuri? Mvua haikukufikia?

Akategea udongo sikio, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Haki ya Mungu, nywele zilinisimama.

— Baba, Ronah akaita.

Mzee akageuka. Alimtazama binti yake kuanzia miguuni.

— Nani amekuruhusu kutoka?

Mama Bulandina akatoka jikoni analia.

— Danieri, mtoto ni mzima! Umezika mgomba! Mgomba na gauni lake!

— Mchungaji alisema anayeolewa na mtu wa sanamu amekufa.

— Alikuwa anahubiri tu!

— Kama amekufa, nimwache atangetange? Mtu akipotea bila mwili, wazee wetu walizika mgomba ili apumzike. Sokoni nilitangaza kifo tu; mgomba niliuzika kwa siri, kanisani wasijue. Ni mtoto wangu, Bulandina. Nilimhurumia.

Hasira yangu ikaisha palepale. Nilikuja kugombana na mtu mwenye chuki, nikamkuta mtu mwenye msiba.

— Mzee, mbuzi kumi na mbili wa mahari wanakuja kesho. Utawapokea?

— Nani anapokea mbuzi wa maiti?

Ronah akapiga magoti.

— Baba, siolewi nikiwa humo ndani. Aliyezika ndiye anayefukua. Ukikataa, harusi hakuna. Bosco, unisamehe.

Jamani! Miaka miwili ya kumpenda, na sasa jembe moja lililolala kando ya kaburi ndilo liamue. Mzee alilitazama muda mrefu. Mwisho akalishika, akachimba mpaka gauni likaonekana. Kwa mila, anayefukua huita jina mara tatu, na aliyezikwa lazima aitike.

— Ronah!

Ronah akafungua mdomo. Sauti haikutoka.

— Ronah!

Shimoni kitu kikakwaruza. Ningesema ni jembe, lakini jembe lilikuwa begani kwa mzee.

— Itika, mwanangu! mama akapiga kelele. Itika kabla hakijaitika!

— Ronah!

— Abee, baba!

Mkono wake niliokuwa nimeushika ukapata moto ndani ya wangu. Mzee akautoa mgomba, umevikwa gauni la Komunyo. Miezi mitatu ardhini, haukuoza. Chipukizi jeupe lilikuwa limetokeza kwenye mkono wa gauni. Mzee akalia kama mtoto.

— Nimezika, Mungu amekataa. Mkwe, lete mbuzi.

Jumamosi hakuingia kanisani kwetu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, mpaka tukavishana pete.

Chipukizi, mzee alikataa kulitupa. Tumelipanda uani kwetu Kasese, sasa ni mgomba mkubwa. Kila mara mzee akija kututembelea, kabla hajabisha hodi, huanzia pale:

— Ronah, umelala vizuri?

Mke wangu huacha sufuria motoni akakimbilia mlangoni kuitika. Hataki mgomba umtangulie.